Ukaguzi Uliochelewa

Mpwa wangu alipomaliza kidato cha nne alianza kuuza gemu za PS4 za mkono wa pili kwenye Facebook, akiwa kwao Burumba mjini Busia. Si biashara kubwa. Ananunua diski kwa wanafunzi wanaotafuta nauli, anazipiga picha juu ya kitambaa cheusi, anaandika bei, kisha anangoja watu wa "bado iko?" Mwezi uliopita mteja wa Kakamega alimlipa kwa M-Pesa, akatumiwa parseli ya EA Sports FC 24 kwa matatu, na siku chache baadaye akaandika kwamba mechi ikifika kipindi cha pili picha inaganda. Kijana akaja kwangu na simu mkononi.

"Anko, nimblock?"

Hakuuliza kama huenda diski ni mbovu, wala kama mteja anadanganya. Sikumshangaa. Wengi wanaouza vitu mtandaoni siku hizi wanaona biashara imekwisha pesa ikishaingia, na neno lolote la baada ya hapo wanalihesabu kuwa uadui. Mimi nami niliuza gemu kuukuu kwenye mpaka huu kwa miaka kadhaa, jioni na wikendi, huku mchana nikiwa karani wa wakala wa forodha, kwanza Busia, baadaye Malaba. Mchana nilishinda na watu ambao riziki yao ni kukagua mizigo. Jioni niliuza vitu ambavyo mnunuzi hakuwahi kuvitia machoni. Kazi hizo mbili zilikaa muda mrefu kichwani mwangu bila kujuana.

Diski nilijifunzia katika chumba cha gemu mtaa wa Marachi, kabla sijauza hata moja. Kilikuwa chumba cha mabati chenye televisheni nzito za zamani, PS2 zilizochoka, na wavulana waliolipa shilingi kumi kwa mechi. Kazi yangu ilikuwa kukusanya pesa na kuamua ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa karibu kila mara ule ule: mashine ikigoma katikati ya mechi, nani ale hasara? Aliyekuwa anaongoza mawili kwa bila alitaka mechi ihesabiwe. Aliyekuwa anafungwa ghafla alikuwa na uchungu mkubwa na kumi yake. Mwenye chumba, mama mmoja asiyejua lolote kuhusu mpira wala kompyuta, alikuwa ameweka kanuni yake: mechi inarudiwa bure, lakini kwenye mashine nyingine. Diski ikigoma na huko, diski ndiyo mbovu. Ikicheza, mashine ya kwanza inapelekwa kwa fundi. Hakuna aliyeulizwa alifanya nini.

Kanuni hiyo ilikuwa na akili kuliko alivyojua mwenyewe. Diski za PS2 zilikuwa za aina mbili, CD zenye tumbo la buluu na DVD zenye tumbo la rangi ya fedha, na lenzi ikizeeka huweza kusoma aina moja na kuikataa nyingine. Mtoto angekuapia kwa jina la nyanya yake kwamba diski imeharibika, nawe ungeitia kwenye mashine ya jirani ikacheza kama mpya. Tulikuwa hata tukizipindua PS2 miguu juu ili zisome, na wakati mwingine zilisoma.

Hapo pia nilijifunza kuutazama mkwaruzo. Kwenye CD data iko juu kabisa, chini ya karatasi ya jina, kwa hiyo jeraha la mgongoni ni baya kuliko la tumboni. Kwenye DVD data imelala katikati, kama milimita 0.6 kutoka usoni, na mkwaruzo mwepesi unaweza kusuguliwa kwa dawa ya meno, kutoka kwenye tundu kwenda ukingoni, ukapungua. PS3 ilipokuja na Blu-ray mambo yaligeuka: data imesogea hadi milimita 0.1 tu kutoka usoni, na kwa sababu hiyo diski hupakwa utando mgumu wa kuikinga. Haikwaruziki ovyo, lakini ikichimbika imechimbika. Fundi anayekuahidi kuing'arisha Blu-ray kwa dawa ya meno anakula pesa yako.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu muuzaji asiyejua kitu chake hana la kumjibu mlalamishi isipokuwa kukana au kukasirika.

Diski yangu ya kwanza kuuza kwenye Facebook ilikuwa FIFA 12 ya PS3, mwaka 2012. Mnunuzi alikuwa karani mwenzangu wa ofisi moja ya mizigo pale Malaba, kijana mwenye modemu na majivuno ya kuwa na modemu. Niliijaribu diski usiku kucha, haikukwama hata mara moja, nikaitia kwenye matatu. Jioni yake akapiga simu: "Bosi, umeniuzia gemu nusu."

Tatizo lilikuwa nambari. Kati ya mwaka 2010 na 2013 kampuni ya EA ilikuwa ikitia ndani ya kasha la gemu mpya za michezo kikaratasi chenye nambari ya siri ya kutumika mara moja tu. Bila nambari hiyo huwezi kucheza na watu wengine kwenye intaneti, na mwenye diski ya mkono wa pili alitakiwa kununua nyingine kwa kama dola 10. Walitaka kupata chochote kutoka kwenye soko la vitu vilivyotumika, ambalo halikuwa likiwapa hata senti. Wachezaji walilalamika sana na mpango huo ukafutwa Mei 2013. Lakini sisi tulikuwa bado 2012, na nambari ya FIFA 12 yangu ilikuwa imetumiwa na mmiliki wa kwanza, mtu ambaye sikumjua. Tangazo langu lilisema diski inacheza. Ilicheza. Kijana wa Malaba aliinunua ili acheze na watu wa Nairobi kupitia modemu yake. Hilo halikuwezekana. Wote wawili tulikuwa tunasema kweli, na kweli zetu hazikukutana.

Nilipanda matatu Jumamosi, nikapita Alupe nikashuka Malaba, tukakaa hotelini kwa chai na chapati. Alianzia pesa zote. Mimi nilianzia bure. Alitaja nauli niliyotumia, nikataja chapati nilizomlipia. Mwisho tulikubaliana nimrudishie mia tatu na diski abaki nayo. Njiani kurudi nilikuwa nawaza kwamba yale tuliyoyafanya pale mezani ndiyo tuliyopaswa kuyafanya kabla. Kwenye Facebook aliniuliza "bei ya mwisho?" nikamtajia, akasema "tuma namba." Hiyo haikuwa kupatana bei, yalikuwa makisio ya watu wawili gizani. Malalamiko yake yaliturudisha sokoni, safari hii kitu chenyewe kikiwa mezani na kila mmoja akijua ni nini.

Mtazame mnunuzi wa suruali ya mtumba soko la Busia. Anaigeuza ndani nje, anavuta zipu mara tatu, anaiinua juani kutafuta tundu, anainusa, anaipima kwenye shingo. Anasema kitambaa kimepauka, kifungo hakipo, mishono imelegea. Muuzaji hachukii hata kidogo, anajua kila kasoro inayotajwa ni mlango wa kupunguza bei, na isipotajwa yoyote ndipo ana wasiwasi kwamba mtu huyu hanunui. Maneno hayo hayo, "kimepauka, kifungo hakipo," yakija kwa WhatsApp baada ya malipo, muuzaji yule yule anayaona matusi. Kilichobadilika ni saa tu. Intaneti imeutoa ukaguzi mbele ya malipo ikauweka nyuma, na sisi tukauita malalamiko.

Sheria, kwa bahati, inauelewa mpangilio huu vizuri. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, ambayo imechukuliwa kutoka sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, inasema kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Inasema pia kwamba anayeuza bidhaa za aina fulani kama kazi yake anawajibika kwa ubora wake, ila kama mnunuzi alikikagua kitu mwenyewe hana haki ya kulilia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Na asiyepata nafasi ya kukagua hahesabiwi kuwa amekipokea mpaka apate nafasi ya kutosha ya kufanya hivyo. Waingereza waliyaandika hayo enzi za farasi na meli za mvuke, lakini yanamfaa mnunuzi wa diski ya PS4 aliyeona picha tatu tu.

Lakini haki ya kwenye karatasi ina gharama ya kuifuata. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Ni jambo zuri. Nani ataipeleka huko diski ya elfu moja na mia tano? Na ukivuka barabara kuingia Uganda umeingia chini ya sheria nyingine, ya mwaka 2017. Kwenye eBay mnunuzi huwa na siku 30 za kusema kitu hakifanani na tangazo, na kampuni ndiyo inayokaa katikati na pesa. Kwenye kundi la Facebook la Busia aliyeko katikati ni dereva wa matatu, naye kazi yake ni kufikisha bahasha.

Mteja aliyenifundisha zaidi alikuwa mzee mmoja wa mtaa wa Sofia, Busia ya Uganda. Alikuwa na laini ya Safaricom kama wengi wa upande ule, maana mtandao hauombi pasi ya kusafiria. Aliona tangazo langu la gemu ya magari ya mashindano, akamtuma mwendesha boda na noti za Uganda, nikazibadilisha kwa mabroka wa barabarani, diski ikavuka mfukoni mwa koti. Hapa nitie neno pembeni: wafanyabiashara wadogo wa mpakani wana cheti rahisi cha forodha kwa bidhaa zilizotengenezwa Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000. Diski zetu zilikuwa zimeandikwa "Made in Austria". Kwa karatasi, mfuko wa koti la yule mwendesha boda ulikuwa umebeba bidhaa ya Ulaya. Sikumwambia.

Siku ya tatu mzee akaja mwenyewe, na wanaume wawili nyuma yake. Aliongea kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza samaki. Diski inagoma, wanawe wanalia, vijana wa Kenya ni wezi. Nilimpa kiti, nikaagiza soda, nikamwacha amalize. Ukimkatiza mtu anayelalamika anaanza upya, na mara ya pili huwa ndefu zaidi. Alipotulia nilimwomba tufanye ile ya mama wa Marachi: twende kwenye mashine isiyo yangu wala yake. Tulivuka hadi kwenye kibanda cha gemu upande wake, mahali ambapo wanamjua yeye na mimi hawanijui, ili asije akasema nimepanga mambo. Diski ikatiwa. Magari yakakimbia mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wale wanaume wawili wakaanza kushangilia gari jekundu.

Uso wa mzee ulibadilika, na hapo ndipo niliona hatari ya kushinda. Alikuwa amekuja na mashahidi. Kama ningesema neno moja la "si nilikuambia," angerudi nyumbani na diski nzima na chuki ya maisha. Nikasema vumbi la Busia linaua lenzi za PS3 kila siku, na hata yangu iliwahi kupelekwa kwa fundi, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nikamwonyesha kwamba mashine yake ndiyo inayotaka kusafishwa, na kwamba kama bado haitaki diski nitaichukua. Akawaza. Kurudisha maana yake kuzibadilisha noti mara ya pili, na kila kubadilisha kunakula kidogo. Kumlipa boda tena. Na kama ni kwa simu, ada ya kutuma na ile ya kutolea. Tulizihesabu pamoja kwa vidole. Akasema ataenda kwa fundi. Baadaye alininunulia diski nyingi, na mmoja wa wale wanaume wawili akawa mteja pia, yule aliyeshangilia gari jekundu.

Si kila anayelalamika ni mzee wa Sofia. Mmoja, wa upande wetu, alirudisha diski iliyochanwa kama imeburutwa kwenye lami na kudai ndivyo alivyoipokea. Sikuitambua. Tangu nianze kuuza nilikuwa nikitia nukta ndogo ya kalamu karibu na tundu la katikati, mahali pasipo na data, na kupiga picha tumbo la kila diski chini ya taa kabla haijafungwa. Hii haikuwa na nukta. Alikuwa ameninunulia diski nzima ili anirudishie yake iliyokufa. Nilimtumia picha mbili, ya niliyouza na ya aliyoleta, nikamwambia sipokei. Akaniandika kwenye kundi kwamba mimi ni tapeli, na akaweka picha yangu.

Nilijibu mara moja, mbele ya wale wale waliosoma tuhuma: picha zile mbili, tarehe ya mauzo, na sentensi moja kwamba nipo tayari kukutana naye popote mchana. Kisha nikanyamaza. Watu wa makundi yale wanapenda ugomvi kuliko diski, na ukiwajibu mara kumi wanasahau nani alianza na wanakumbuka nani alipiga kelele. Kuna wengine ambao hawalalamiki kwa mdomo kabisa. Wakishapokea kitu wanatuma ujumbe kwa 456 kuomba muamala wa M-Pesa urudishwe, kana kwamba walikosea namba. Hao nao dawa yao ni kumbukumbu: jina lililolipa, mazungumzo yaliyotangulia, na stakabadhi ya matatu. Kwa maoni yangu wadanganyifu ni wachache kuliko wauzaji wanavyodai. Kelele yao ndiyo inayowafanya waonekane jeshi, na muuzaji anayemchukulia kila mteja kama wao atawapoteza wazee wa Sofia wote.

Wakati huo kazi yangu ya mchana ilikuwa inabadilika. Zamani lori lilisimama upande wa Kenya likakaguliwa kutoka, likavuka, likasimama tena upande wa Uganda likakaguliwa kuingia, na kati ya vituo hivyo viwili dereva angeweza kulala, kuamka, na kulala tena. Ofisa wa pili hakuamini alichoona wa kwanza, na hakuwa na sababu ya kukiamini kwa sababu hakuwepo. Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia. Sasa unayetoka Kenya unakwenda moja kwa moja upande wa Uganda, na pale maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Anayetoka Uganda anamalizia mambo yake upande wa Kenya. Mzigo mnaoutazama pamoja, kwa wakati mmoja, ni vigumu kuugombania kesho.

Sitasema kwamba niliangalia jengo lile nikapata wazo. Wazo lililetwa na corona. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa abiria na kuruhusu malori ya mizigo tu. Malaba madereva walingoja kupimwa, na foleni ilirudi nyuma kilomita nyingi kuelekea Bungoma. Shule zilikuwa zimefungwa pande zote mbili, na za Uganda hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Wazazi waliokuwa wakiita gemu uhuni walianza kunipigia simu kwa sauti ya kubembeleza. Mama mmoja wa Tororo alitaka chochote cha mpira kwa wanawe watatu ambao, kwa maneno yake, walikuwa wamebakiza kula ukuta.

Diski ingeweza kuvuka na lori, kwa hisani ya utingo. Kurudi ilikuwa shida: ikigoma Tororo, ningeipokea lini, na kwa mkono wa nani? Ndipo nikamwambia yule mama hatalipa mpaka tuiangalie wote. Nikampigia kwa video. Nikamwonyesha tumbo la diski chini ya taa, nikaigeuza polepole, mkwaruzo mmoja mdogo ukaonekana nikautaja kabla hajauona. Nikaitia kwenye mashine wanawe wakitazama, nikacheza dakika chache, nikaruka hadi kipindi cha pili, nikafungua orodha ya timu. Nikamwuliza mashine yake ni ipi na inasoma diski nyingine vizuri. Nikamwambia kwamba timu ni za msimu uliopita, na mchezaji wanayempenda huenda keshahama. Mtoto mkubwa akauliza kama itahitaji intaneti. Nikamjibu. Mama akaomba nipunguze mia mbili kwa ajili ya mkwaruzo, nikapunguza.

Tangu siku hiyo nikawa nauza hivyo kwa kila mtu, hata wa Marachi. Malalamiko hayakwisha, ila yalikuja mapema, bei ikiwa bado inaweza kusogea, na mteja akiwa bado anataka kitu na si kisasi. Wapo niliowapoteza kwenye simu ile ile ya video, walioona mkwaruzo wakasema asante, hapana. Hao wangenilalamikia wiki ijayo, na wiki ijayo ingeniuma zaidi.

Yote haya nilimsimulia mpwa wangu, kwa ufupi kuliko hapa. Nikamwambia asimblock mtu wa Kakamega. Amwulize inaganda dakika ya ngapi, kila mara au mara nyingine, na gemu nyingine zinachezaje kwenye mashine hiyo. Majibu yalikuja haraka: mahali pale pale, kila mara, na nyingine zinacheza vizuri. Hiyo tayari ilikuwa inanukia diski. Tukamwomba aipeleke kwenye chumba cha gemu mjini Kakamega, nasi tukamlipia nusu saa ya kucheza. Ikaganda na huko, akatutumia video bila kuombwa.

Kijana alitaka arudishiwe diski kwanza ndipo atoe pesa. Nilimwambia afikirie kalenda. Gemu hizi za mpira hutoka kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Septemba, na toleo jipya likitoka la zamani huanguka bei kama nyanya za jana. FC 24 yenyewe ni ya Septemba 2023. Kusafirisha diski mbovu ya msimu wa zamani kwenda na kurudi ni kulipa nauli ya mgonjwa asiyetibika. Akarudisha pesa yote pamoja na ya kutolea, akamwambia mteja aitupe au abaki nayo kwa ajili ya kasha. Mteja akabaki na kasha, na siku iliyofuata akauliza kama kuna God of War. Wauzaji hupenda sana hadithi zinazoishia hivyo. Nyingi haziishii hivyo. Wengi wanaorudishiwa pesa hawarudi, na hawadaiwi kurudi.

Ninachokihofia ni kwamba soko lenyewe linakwenda mahali ambapo ukaguzi wa namna hii hauna pa kushika. PS5 ilipotoka Novemba 2020 kulikuwa na aina isiyo na mlango wa diski kabisa, na PS5 Pro ya mwaka 2024 inauzwa bila mlango huo, ukitaka unaununua kando. Gemu inashuka kwa intaneti na kufungwa kwenye akaunti ya mtu. Huwezi kuiuza tena, kwa hiyo vijana wameanza kuuza akaunti zenyewe, jina na nywila, ingawa masharti ya Sony hayaruhusu. Unalipa kwa M-Pesa, unatumiwa maneno mawili kwa WhatsApp, unaingia, gemu zote zipo. Ungependa kukagua nini zaidi? Zimejaa. Siku aliyekuuzia akiamua kuomba nywila mpya kwa barua pepe yake ya zamani, chumba kinafungwa ukiwa nje, na hakuna mkwaruzo wa kupigwa picha.

Kijana mmoja wa Malaba anayeuza akaunti hizo aliniambia biashara hii ni safi kuliko diski, kwamba hajawahi kupata mlalamishi hata mmoja. Nilimwuliza ameifanya tangu lini.

"Tangu wiki iliyopita," akasema.